Kusaka Tone Kabla ya Msimu

Februari huko Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, miti ya mepo, inayogemwa utomvu wa kupikia shira, bado imesimama kwenye theluji, lakini ndani ya magereji pampu ndogo zimeshaanza kunguruma. Wenye nazo si wafanyabiashara. Ni watu wenye miti michache nyuma ya nyumba, na kila mmoja ana ubao aliofungia tando tatu au nne za kusafishia maji ya jikoni, zimeunganishwa kwa vipira vyembamba vya plastiki. Kinachopita humo kwa sasa ni maji ya bomba. Utomvu bado haujaanza kutoka, na huo ndio werevu wa shughuli yenyewe: kila kosa litafutwe kwa kitu ambacho kikimwagika hakimlizi mtu.

Utomvu wa mepo una sukari kama asilimia 2 tu, na shira inatakiwa ifike karibu 67. Wagema wa huko wana kanuni inayobeba jina la C. H. Jones: gawa 86 kwa asilimia ya sukari, utapata lita za utomvu zinazotoa lita moja ya shira. Kwa asilimia 2 ni lita 43, yaani karibu lita 42 za kuchemshwa mpaka zigeuke mvuke. Chombo kile cha gereji, cha osmosisi ya kinyume, husukuma utomvu kwenye utando unaopitisha maji na kuzuia sukari. Sukari ikifika asilimia 8, zimebaki lita 11 hivi za kuchemsha. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa Vermont husifiwa kwa kuyatoa.

Teknolojia hii haikubuniwa kwa ajili ya miti. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipata utando wa kufaa mwishoni mwa miaka ya 1950 wakitafuta maji matamu kutoka baharini, kazi inayofanywa hadi leo na mitambo ya Omani na nchi za Ghuba.

Katika kusaka uvujaji, fundi mzuri haanzi kwa nguvu. Kwanza huacha valvu ya kutokea wazi, maji yasukume hewa yote nje. Hewa hubanika, na kopo la chujio likipasuka likiwa na hewa iliyobanwa, vipande huruka. Likiwa limejaa maji, aghalabu huishia kumlowesha aliye karibu. Kisha huifunga valvu kidogo kidogo, mshale wa geji upande hadi pauni 40 kwa inchi ya mraba, halafu 80, halafu 100, karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Chini ya kila kiungo ametandika kipande cha tishu kavu. Jicho hudanganyika na unyevunyevu, ila tishu ikiguswa na tone hubadilika rangi papo hapo.

Viungo vya kusukumia mpira ndivyo vinavyomtambulisha fundi. Mpira ukikatwa kwa mkasi hubonyea, ukawa na umbo la yai; ukikatwa mshazari, upande mmoja haufiki. Ndani ya kiungo kuna meno ya kuushika, na nyuma ya meno kuna pete ya mpira ya kuzuia maji. Anayesukuma akaishia kwenye meno ataona mpira haung'oki, aridhike, na tone litoke. Hapo kuvuta na kukaza hakusaidii. Fundi huchomoa, hukata ncha yenye mikwaruzo, huweka alama ya kalamu kuonyesha kina, kisha husukuma mpaka alama ipotee.

Geji haiaminiki sana hapa. Kwenye bomba la kawaida ungefunga kote, ukazima pampu na kuangalia kama mshale unashuka. Kwenye chombo hiki utashuka tu, maana maji yanaendelea kupenya kwenye utando hata kama hakuna kinachovuja.

Tena tone linaloonekana ndilo jepesi. Kabla ya pampu, chombo hakisukumi, kinavuta. Ufa wa hapo hautoi maji bali unaingiza hewa, na sakafu inabaki kavu kabisa. Dalili ni mapovu kwenye mpira mwangavu na pampu kubadilisha sauti. Mbaya zaidi ni uvujaji wa ndani, pete ndogo kwenye ncha ya utando zinapokaa vibaya na maji yasiyochujwa yakachanganyika na yaliyochujwa. Kwa maji ya bomba, kipimo cha chumvi zilizoyeyuka huufichua, mradi kila utando upimwe peke yake. Msimu ukianza, kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa husoma umeme unaopita majini na sukari haiupitishi. Hapo inahitajika refraktomita, kifaa cha kupimia sukari, la sivyo sukari itamwagwa pamoja na maji, bila mtu kujua.

Halafu kuna baridi. Tando hupimwa kiwandani kwa maji ya nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa utomvu wa nyuzi 4 hutoa karibu nusu tu, na mgeni wa kazi hudhani kuna kinachovuja. Pete nazo hukakamaa, kwa hiyo chombo kilichofaulu jikoni kwenye joto hupimwa tena kibandani. Kikifaulu huko, hutolewa maji yote usiku uleule au kurudishwa ndani, kwani maji yakiganda ndani yake hupasua makopo na kuharibu tando.