Mkono wa Mjaza Fomu

Mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kupelekwa Marekani, aliketi mbele yangu na bahasha ya kaki aliyoifungia ndani ya kitenge. Tulikuwa tunajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, tukafika mahali pa watoto. Nikamuuliza, "Mama, una watoto wangapi?" Akajibu bila kusita, "Saba." Karatasi za kwenye bahasha zilisema watano.

Mwenye haraka angeandika saba, au angenakili watano na kufunua ukurasa. Mimi niliweka kalamu chini. "Mama, nitajie mmoja mmoja. Nani ulimzaa mwenyewe?" Akahesabu kwa vidole: watano. Wawili waliobaki ni wa marehemu mdogo wake, naye amewalea tangu vita viwatoe kijijini. Mama yule hakudanganya. Kwetu mdogo wa mama ni mama, na mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu. Anayemwita mpwa mbele za watu huonekana ana roho ya kubagua. Fomu haijui mama mdogo. Inauliza kama mtoto ni wa kuzaa, wa kambo au wa kuasili kisheria, basi. Ofisa naye atalilinganisha jibu hilo na yale mama aliyoyasema kambini miaka mingi iliyopita, na tofauti ya watoto wawili inaweza kusomwa kuwa uongo.

Ndiyo maana naiita kazi hii ufundi. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kumpima mwenye mwili, na mjaza fomu haandiki kabla ya kusikiliza. Sehemu kubwa ya kazi yake haionekani kwenye karatasi: ni maswali aliyouliza upya, kwa upole, kwa maneno ambayo mwenyewe anayatumia nyumbani. Kwa aliyekaa Kasulu, "umewahi" inatosha. Kwa aliyekulia Lubumbashi ni afadhali kusema "ulishaka", maana swali lisiloeleweka huzaa jibu la kumridhisha muulizaji.

Tazama tarehe ya kuzaliwa. Wazee wengi wa Kivu wanajua walizaliwa wakati wa Mulele, vita vya 1964, au mwaka fulani wa njaa. Siku na mwezi hakuna aliyeviandika. Kambini mwandikishaji aliweka Januari 1, na leo familia nzima inaweza kuwa na siku moja ya kuzaliwa. Asiyejua kazi hutaka kumsaidia mzee kwa "kurekebisha" tarehe. Mjuzi haigusi bila ushahidi. Anajua kwamba tarehe hiyo imeshaingia katika hati ya safari, kadi ya kijani, leseni na karatasi za hospitali, na kwamba kuibadilisha mahali pamoja ni kuzigombanisha karatasi zote.

Ufundi huu una kalenda yake pia. Mkimbizi akishatimiza mwaka mmoja Marekani anatakiwa kuomba ukaazi wa kudumu kwa fomu I-485, ambayo kwa mkimbizi haina ada. Akikubaliwa, ukaazi wake huhesabiwa kurudi nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Kwa hiyo miaka mitano ya kusubiri uraia huanzia uwanja wa ndege, wala haianzii siku kadi ilipofika kwa posta. Aliyemwacha mke au watoto nyuma ana miaka miwili tangu kuingia kuwaombea kwa fomu I-730. Nimewaona wanaume wenye akili timamu na bidii ya kazi waliokosa muda huo kwa kuwa tu hakuna aliyewaambia. Kuwakumbusha watu tarehe ni nusu ya huruma ya kazi hii.

Kisha kuna fedha. Tangu Aprili 1, 2024, ada ya N-400 ya karatasi ni dola 760. Kwa anayeosha vyombo hotelini au kukata nyama kiwandani, hiyo ni kodi ya nyumba. Ipo fomu nyingine, I-912, ya kuomba kusamehewa ada kwa mwenye kipato kidogo, nayo inadai uthibitisho: barua ya msaada wa chakula au wa matibabu, au hati za kodi ya mapato. Mjaza fomu mwema huanza na swali la kipato, maana aibu humfanya mtu akope kabla ya kusema hana.

Lakini ubora wa fundi huyu huonekana zaidi anapokataa kuendelea. Fomu inauliza kama mwombaji amewahi kujiandikisha kupiga kura. Kijana anakumbuka kwamba siku alipochukua leseni ya udereva aliulizwa jambo asilolielewa, akaitikia ndiyo. Asiye raia akijiandikisha hivyo anaweza kujiletea hatari kubwa. Hapo fundi wa kweli haandiki "hapana" ili mambo yaende, wala hatoi ushauri wa kubahatisha. Anaifunga fomu na kumpeleka kijana kwa mwanasheria, au kwa mtu wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kuwawakilisha wahamiaji, kabla ya karatasi yoyote kutumwa.

Mwishoni mwa N-400 pana sehemu ya mtu aliyeiandaa kwa niaba ya mwombaji: jina lake, mawasiliano yake, saini yake. Ni mahali padogo, lakini hapo ndipo utakapowatenganisha watu. Matapeli wanaojiita "notaire" huipita sehemu hiyo. Wanajua kwamba katika nchi zilizorithi sheria ya Kifaransa neno hilo lina uzito wa ofisa wa sheria, huku Marekani kazi ya mthibitishaji wa kawaida ni kushuhudia saini tu. Huchukua mamia ya dola, huandika wanachotaka, na ofisa anapouliza, anayejibu ni mkimbizi peke yake. Mwaminifu huweka jina lake. Anasema: haya niliyasikia kwake, nikayaandika, nikamsomea, akakubali.

Mama wa Fizi nilimsomea ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili, watoto watano kwa majina yao. Wale wawili tukawaeleza kwenye karatasi ya ziada: aliowalea, wa nani, tangu lini. Akaniuliza kama hiyo ina maana amewakana. Nikamwambia hapana mama, imeandikwa kwamba uliwalea. Ndipo akachukua kalamu.

Wewe unayesoma haya ukiwa ughaibuni, unayeijua lugha ya nyumbani na ya ofisini, tafuta shirika lililoidhinishwa mjini kwako, ufundishwe, ukae mezani hata Jumamosi moja kwa mwezi. Uliza kwanza, sikiliza mpaka mwisho, andika alichosema, kisha weka jina lako chini yake.