Bandia au Pandikizi? Uhakiki wa Msamiati wa Nywele na Nyusi za Mwanamke wa Hadharani

1. Utangulizi

Mapambo ya mwanamke si mada ngeni katika taaluma ya Kiswahili. Kilicho kigeni ni upasuaji unaozitoa nywele kisogoni na kuzipanda penye upara, kwenye ukingo wa paji la uso au mahali pa nyusi. Wanaotajwa zaidi katika habari za upasuaji huo ni wanawake wa hadharani: waimbaji, waigizaji, watangazaji na wanasiasa. Habari zao husikika leo hata Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, na mara nyingi neno linalozipokea ni moja tu: bandia. Nywele ni bandia, nyusi ni bandia, na hatimaye mwanamke mwenyewe huitwa bandia.

Makala haya yanakusudia kulihakiki neno hilo. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyotenganisha kwa makini namna za kuushughulikia unywele, na kwamba neno bandia linapotumika kwa upandikizaji huufuta utenganisho huo na kumhukumu mwanamke kabla hajasikilizwa. Kosa hilo ni la lugha kwanza, kisha ni la haki.

2. Nywele katika historia ya Maniema

Si kweli kwamba utengenezaji wa nywele uliingia Maniema pamoja na saluni. Wasafiri waliopita huko katika miaka ya 1870, wakiwemo Verney Lovett Cameron na Henry Morton Stanley, waliandika juu ya wanaume waliojipaka udongo kwenye nywele na ndevu, na juu ya wanawake waliosuka nywele za mbele zikasimama kama ukingo wa kofia, huku za nyuma zikining'inia kwa mafundo marefu. Ushahidi wao una dharau ya mgeni, lakini unatosha kuonyesha kwamba kichwa kilikuwa mahali pa kazi ya mikono na pa kutambulishana kabla ya utawala wa Kibelgiji.

Misafara ya waungwana iliyotoka pwani kupitia Ujiji na Kabambare ilileta tabaka jingine la mapambo. Kasongo, makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ilikuwa mji mkubwa wa Kiswahili hadi ilipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Pamoja na lugha, dini na mpunga, mji huo ulipokea kanzu, ushungi, hina na wanja. Baadaye Kifaransa kikaongeza meshi na peruki. Kwa hiyo msamiati wa nywele unaotumika Kasongo ni wa tabaka tatu, na mzungumzaji huchota katika kila tabaka bila kujiuliza neno limetoka wapi.

3. Mwana Kupona na mpaka wa mapambo

Matini ya pwani inayorejelewa zaidi kuhusu mapambo ya mwanamke ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake. Miongoni mwa nasaha zake mna kufunga nywele, kutunga asumini, kutia hina na kutia wanja machoni na kwenye nyusi. Nyusi, basi, zimo katika fasihi andishi ya Kiswahili tangu zamani, na zimo kama kitu cha kushughulikiwa, si cha kuachwa kama kilivyo.

Mambo mawili katika nasaha hizo yanahitaji kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba mapambo yote yanayotajwa huondoka: asumini hunyauka, hina hufifia, wanja huoshwa. La pili ni kwamba mtazamaji ni mmoja, naye ni mume. Utendi huohuo unamwelekeza binti atoke kwa ruhusa, asiufunue uso wake njiani wala asizungumze humo. Mwana Kupona hakumfikiria mwanamke ambaye kazi yake yenyewe ni kutazamwa.

Ndiyo maana ni kosa la uhakiki kuutumia utendi huu kama kipimo cha mtangazaji au mbunge wa leo, ama kwa kumsifu, ama kwa kumlaani. Uso wa mwanamke wa hadharani una watazamaji maelfu, na kila mmoja wao hujiona ana haki ya mume: haki ya kupambiwa. Lakini hana wajibu wowote wa mume.

4. Vitenzi vya unywele

Jambo linalostahili kuchunguzwa ni vitenzi. Katika Kiswahili, nywele husukwa, hufungwa, huchanwa, hunyolewa. Wanja hutiwa au hupakwa. Peruki huvaliwa. Kope hubandikwa. Nywele fupi huungwa kwa meshi. Nyusi hutindwa, na hapa lugha imehifadhi umbo la kale, kwa maana kutinda katika lahaja za kaskazini ni kuchinja, yaani kukata. Siku hizi nyusi pia huchorwa, ama kwa kalamu, ama kwa kuchanja ngozi na kuingiza rangi.

Vitenzi hivi vinaweza kupangwa katika makundi manne. Kuna vya kuweka juu (kutia, kupaka, kuvaa, kubandika), vya kupunguza (kunyoa, kutinda), vya kuunganisha (kusuka kwa meshi, kuunga), na cha kuotesha, ambacho ni kimoja tu: kupandikiza. Neno bandia lina mashiko katika kundi la kwanza na pengine katika la tatu, kwa sababu humo kuna kitu ambacho si cha mwili wa mhusika: nyuzi za kiwandani, au nywele za mtu mwingine. Katika kundi la pili hakuna bandia, maana hakuna kilichoongezwa. Katika kundi la nne pia hakuna bandia, kwa sababu itakayoelezwa.

5. Kupandikiza: neno na kazi

Kitenzi kupandikiza kimejengwa juu ya mzizi wa kupanda, na matumizi yake ya msingi ni ya shambani: kuuhamisha mche kutoka kitaluni hadi mahali utakapokulia. Mpunga wa Mwea nchini Kenya hupandikizwa. Mpunga wa Maniema, ambao kwa kawaida ni wa nchi kavu, hutiwa mbegu moja kwa moja ardhini, lakini mkulima wa Kasongo hufanya kazi hiyohiyo kwa miche ya michikichi, kahawa, nyanya na kabichi. Anajua kwamba mche uliopandikizwa hunyauka kwanza, kisha hushika. Anajua pia kwamba mche wa mchikichi hauwi mkahawa kwa sababu ya kuhamishwa.

Maarifa hayo ya shambani yanalingana kwa usahihi na maarifa ya tabibu. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani Shoji Okuda alieleza jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele ili kuziba mapengo ya kichwani, ya nyusi na ya sharubu. Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alithibitisha katika maandishi yake kanuni iliyokuja kuwa msingi wa kazi yote: unywele uliohamishwa huendelea kufuata tabia ya mahali ulikotoka. Unywele wa kisogoni, ambao kwa kawaida haudondoki kwa urahisi, hubaki hivyo hata ukipandwa utosini. Unywele wa kichwani uliopandwa mahali pa nyusi huendelea kurefuka kama uko kichwani, na mwenye nyusi hizo hulazimika kuzipunguza mara kwa mara. Baada ya upasuaji, nywele nyingi zilizopandwa hudondoka ndani ya wiki chache. Huanza kuota tena baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka mmoja hivi.

Yanafuata matokeo mawili ya kilugha. Kwanza, nywele hizo ni za mwanamke mwenyewe, zimetoka katika ngozi yake na zinalishwa na damu yake. Kuziita bandia ni kuuita mche wa mchikichi plastiki kwa sababu umehamishwa. Pili, kazi hii ilianza kama matengenezo ya pengo, si kama urembo wa ziada.

Hata hivyo, kitenzi kupandikiza nacho hakikosi mtego. Jina linalotokana nacho, pandikizi, hutumika katika lugha ya siasa kwa maana ya mtu aliyeingizwa kwa siri katika kundi lisilo lake ili alipeleleze au alivuruge. Kivuli hicho cha udanganyifu hurudi kwenye kitenzi, na mwanamke aliyepandikiza nyusi huonekana amejiingiza mahali pasipo pake. Kwa hiyo istilahi inayofaa katika ufundishaji na katika kamusi ni upandikizaji kwa kitendo na nywele zilizopandikizwa kwa matokeo. Pandikizi liachiwe siasa.

6. Chanzo cha pengo

Hukumu ya bandia huficha swali la msingi: nywele za mwanzo zilikwenda wapi? Kwa wanawake wengi wa Kiafrika jibu limo katika kuvutwa. Misuko inayobana, meshi nzito na gundi ya peruki huivuta mizizi ya nywele kwa miaka, na upara huanza kwenye ukingo wa paji la uso na pembeni mwa masikio. Katika uchunguzi uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007, dalili za upara wa kuvutwa zilionekana kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa. Mapema hali hiyo hurekebika kwa kuacha kuvuta. Ikichelewa, mzizi hufa na kovu hubaki.

Hapo upandikizaji huweza kusaidia, lakini si kwa kila mtu. Kovu hupokea mche kwa shida. Upara wa utosini unaoambatana na makovu, unaowapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika, unaweza kuziharibu hata nywele zilizopandikizwa iwapo ugonjwa wenyewe haujatulia. Tena mzizi wa unywele wa kipilipili umepinda chini ya ngozi, na tabibu asiyeuzoea huweza kuukata wakati wa kuutoa. Mtu anayeisifu kazi hii bila kuyataja hayo anakosea sawa na anayeilaani.

7. Dola, dini na hukumu

Historia inaonyesha kwamba kichwa cha mwanamke kimekuwa uwanja wa amri. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi mjini Dar es Salaam kuanzia Januari 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 siasa ya uhalisi ya Mobutu nchini Zaire nayo ilipiga marufuku peruki. Nchini Zaire neno lililotumika kama silaha lilikuwa uhalisi, na katika nchi zote mbili waliolengwa walikuwa zaidi wanawake.

Katika jamii za Waislamu, ambazo ni kubwa Kasongo, hukumu hujengwa juu ya hadithi zinazowalaani wanaounga nywele na wanaonyonyoa nyusi, na sababu inayotajwa ni kubadili umbile kwa ajili ya uzuri. Lakini fikihi imekuwa makini kuliko mazungumzo ya barazani. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malesia, mwaka 2007, lilitenganisha upasuaji wa kurudisha umbile na ule wa kulibadili, na likaruhusu kupanda nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke. Mafakihi wametenganisha kuunga na kurudisha. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ina vitenzi vyote viwili, hana udhuru wa kuvichanganya.

8. Macho ya hadhara

Mifano miwili inaonyesha kwamba mwanamke wa hadharani huhukumiwa vyovyote afanyavyo. Mwezi Novemba 2017 mwigizaji Lupita Nyong'o, Mkenya, alilalamika hadharani kwamba jarida la Grazia la Uingereza lilikuwa limefuta sehemu ya nywele zake za asili katika picha ya jalada na kulainisha zilizobaki. Mwezi Januari 2020 Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani aliyejulikana kwa misuko yake, alionyesha kichwa kitupu na kueleza ugonjwa uliomwondolea nywele. Wa kwanza alikuwa na nywele zake, zikafutwa. Wa pili alizikosa, ikambidi ajieleze. Hakuna kati ya visa hivyo kilichohusu upandikizaji, na bado kila mmoja ilimbidi azizungumzie nywele zake hadharani.

Hali hiyo haiko mbali na Kasongo. Mwimbaji wa kwaya au wa kaswida, kiongozi wa chama cha akina mama na bibi harusi husukwa kwa kubanwa kila sherehe, kwa sababu kichwa kisichosukwa huitwa uzembe. Ukingo wa nywele ukirudi nyuma, husemwa amezeeka. Akificha kwa peruki, husemwa bandia. Hadhara inayodai msuko ndiyo inayoucheka upara.

9. Hitimisho

Neno bandia halifai kwa nywele zilizopandikizwa, kwa ushahidi wa kitenzi chenyewe, wa utabibu na wa fikihi. Wakusanyaji wa istilahi wanapaswa kuliingiza neno upandikizaji katika orodha zao likiwa na maana yake ya mche uliohama na bado ukabaki mche uleule. Wanafunzi wanaokusanya data ya Kiswahili cha Maniema wasiishie kuandika majina ya misuko. Waandike pia vitenzi, na nani anavitumia kumhusu nani.

Swali linalobaki si la kamusi peke yake. Upandikizaji ni ghali na hufanyika mbali; mwanamke wa Kabambare hataufikia kwa urahisi. Kilicho karibu naye ni mkono wa msusi na ulimi wa jirani. Mkono ukilegeza msuko, na ulimi ukiacha kuuita upara uzee na peruki udanganyifu, nywele nyingi hazitahitaji kupandikizwa.