Shimo Lisilotaka Kutazamwa

Fundi haliangalii shimo. Analitia vidole vinne, anavikunja, anakomba kama anayemalizia mchuzi bakulini, kisha anautoa mkono na kushika tena patasi. Bado. Shimo la tatu la safu ya mbele lina kijibonde upande mmoja, na kete ikinasa hapo mchezaji atabaki anaichokoa kwa ukucha huku mwenziwe anangoja. Anaondoa ganda jembamba kama la kitunguu, anapuliza, anatia vidole tena.

Tuko Kendwa, upande wa kijijini, nyuma ya hoteli za ufukweni, chini ya mkungu. Nilipomwamkia shikamoo mzee, aliitika marahaba bila kuinua kichwa, akanisogezea ukingo wa mkeka. Nimekaa hapo tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri ikaadhiniwa, namtazama akichonga bao.

Bao la Kiswahili lina safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, yaani mashimo 32, na kete 64. Safu mbili zako, mbili zangu. Katika safu ya mbele, shimo la tano kuanzia kushoto kwako ni nyumba, nalo huchongwa la mraba ili lijulikane. Kwa kuwa mimi nami nahesabu kutoka kushoto kwangu, na tumekaa tunatazamana, nyumba yangu na yako haziwi uso kwa uso. Zinakaa mshazari, kila moja imepishana na mwenziwe kwa shimo moja. Ndiyo maana fundi huyu alizipima nyumba kwanza, kwa uzi na mkaa, kabla hajagusa shimo jingine lolote. Akikosea hapo, gogo zima la mfenesi limekwenda na maji.

Na wako wanaokosea. Niliwahi kununua bao la kukunja, lina bawaba na nakshi ukingoni, zuri kweli kwa macho. Nyumba zake zilikuwa zimetazamana, na mashimo yana kina cha kisahani. Nililipeleka barazani, mzee mmoja akalikagua, akalifunga kama anavyofunga kitabu, akanirudishia mikononi. Liliniuma, kwa sababu aliyelichonga alikuwa na mkono mwepesi. Ila hakuna aliyemkalisha akacheza.

Mimi nimekulia Mji Mkongwe, miaka ile gemu za televisheni zilipoingia majumbani. Nintendo walitoa Family Computer huko Japani mwaka 1983. Sisi zilitufikia nakala zake baadaye, na kaseti za manjano tulizokuwa tukizipuliza kabla ya kuzichomeka. Mmoja akiwa nayo mtaani, mtaa mzima unayo. Tulipanga zamu, tukasukumana, tukajifunza kwa moyo adui anatokea wapi na shimo liko wapi la kuruka. Ghorofani vinasikika vile vilio vya gemu, na chini barazani komwe za ami yangu zinagonga mbao. Sauti hizo mbili kwangu ni jioni moja, na nikiisikia moja leo naitafuta ya pili. Ile mashine ilizimika siku moja na hatukupata wa kuifungua. Bao la ami lipo mpaka leo. Mashimo yake yamekuwa meusi na yanang'aa, na katika nyumba zake mraba umelainika pembe kwa vidole vya watu ambao wengi wao tumeshawazika.

Mchezo huu umepata wa kuuenzi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliutungia shairi. Mholanzi Alex de Voogt alikuja Zanzibar kuwasoma mabingwa wake, akaandika tasnifu iliyotoka Leiden mwaka 1995. Lakini sijaona wengi wakimtaja aliyechonga. Nami nadhani umahiri wa bingwa unaanzia kwake. Bingwa akigawa kete hatazami mkono; macho yake yamekwisha kuwahi mbele, anahesabu utakula wapi, utalala wapi, nyumba ivunjwe sasa au ingoje. Akili ikiwa huko, mkono unataka shimo lisilotaka kutazamwa: pana la kutosha vidole kuingia vyote, ukuta wake umeinama kiasi cha kete kuteleza zenyewe hadi katikati, na ukingo wake si mkali wa kukwaruza fundo la kidole kwa mchezo wa saa tatu.

Alasiri ilipopita alipiga msasa mara ya mwisho, akapangusa vumbi la manjano kwa kiganja. Nikadhani sasa litapakwa mafuta. Badala yake akavuta kifuko cha komwe, zile za kijivu zinazookotwa ufukweni, akaweka 6 katika nyumba yake, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kuliani, akafanya vivyo hivyo upande wangu. Zilizobaki, 22 kwa kila mmoja, akazigawa kwa kushika tu, bila kuhesabu kwa sauti. Nilihesabu zangu kwa siri. Zilitimia.

"Haya mwanangu, namua," akasema. "Bao halijesha mpaka lichezwe."

Nilipotia mkono katika shimo la tatu, lile la kijibonde, kete zote zilinijaa kiganjani kwa mkombo mmoja. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.