Mikono Isiyoshika Kisu

Aprili 12, 1945, Franklin Roosevelt alikuwa ameketi akichorwa picha huko Warm Springs, Georgia, mara akalalamika kwamba kichwa kinamuuma mno, akapoteza fahamu. Daktari wake, Howard Bruenn, alipompima alikuta presha imefika 300 kwa 190. Alasiri hiyo hiyo rais huyo wa Marekani akafariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Bruenn alikuwa bingwa wa moyo. Alichokosa ni dawa ya kumwokoa.

Siku hizi mgonjwa wa kiharusi kama yeye hukimbizwa kwanza kwenye CT skani, mashine iliyoanza kupiga picha za ubongo wa wagonjwa mwaka 1971. Ni lazima, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayomfaa mwenye mshipa ulioziba, humwangamiza anayevuja damu.

Picha ikionyesha damu imevuja, ndugu huuliza: anapasuliwa lini? Wapo wanaohitaji kupasuliwa, hasa damu ikijaa kwenye ubongo wa nyuma. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa 2005, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, haukuona kwamba kuwahi kupasua kunawafaa wengi wao. Kazi inabaki wodini.

Na wodini ndiko uliko ufundi wenyewe. Presha hushushwa kwa dripu hadi namba ya juu iwe karibu 140, wala si kwa pupa: ikiporomoka mno, figo huumia. Aliyekuwa akitumia warfarini hupewa vitamini K na dawa za kurudishia damu uwezo wa kuganda. Muuguzi humulika mboni kwa tochi, moja baada ya nyingine, akitazama kama zinasinyaa sawa. Humwita mgonjwa kwa jina, humwambia ainue mkono. Asipoitika, hubonyeza ukucha aone kama atauvuta. Majibu hayo huwa alama, kuanzia 3 hadi 15, kwa kipimo kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974. Jana 14, leo 12: daktari aitwe sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku. (Daktari anayenung'unikia simu hiyo amekosea kazi.)

Mwaka 2023 utafiti wa INTERACT3, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, Nigeria ikiwemo, ulionyesha kwamba kudhibiti mapema presha, sukari, homa na wepesi wa damu, vyote kwa pamoja, kunapunguza vifo na ulemavu.

Kwa hiyo mtu akipooza upande ghafla au akishikwa na maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, msimpe aspirini wala maji ya kunywa. Mpelekeni hospitali yenye CT skani, na mkumbuke saa dalili zilipoanza.