Neno Lisilo na Mwenyewe: Ufunuo na Shaka katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein

Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, aghalabu husomwa ama kama sifa ya umoja dhidi ya ukoloni wa Wajerumani, ama kama onyo dhidi ya ushirikina. Mielekeo yote miwili ina mashiko, lakini inalikwepa suala la kiimani lililo kitovuni mwa tamthilia: aliyefunuliwa neno ana mamlaka gani juu ya neno hilo baada ya wengine kuliamini?

Katika historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuanza. Hakuuona mwisho wake mwaka 1907. Hussein, ambaye katika utangulizi anamtenga mhusika wake na mtu wa historia, anamrefushia nabii huyo maisha hadi ashuhudie maji yakishindwa kuzuia risasi. Kwa uamuzi huo, nabii analazimika kulijibia neno lake mbele ya walionusurika.

Shaka inayomtesa Kinjeketile inachipuka ndani ya ufunuo wenyewe. Akiwa amepagawa na Hongo, anatangaza umoja na ushindi, kisha anaahidi kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Sultani huyo alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita. Fahamu zinapomrejea, Kinjeketile anang'amua kwamba ahadi hiyo inabadilisha bwana tu, utumwa ukabaki palepale. Wafuasi wanayapokea maji na kuliacha swali. Nabii anabaki peke yake na swali. Hivyo basi, kuiita shaka yake upungufu wa imani ni kuikosea tamthilia, kwani yeye ndiye aliyeusikiliza ufunuo kwa makini kuliko wote.

Mwishoni, akiwa kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo. Kitunda, aliyewaongoza wapiganaji, anamsihi aseme kweli. Kinjeketile anakataa, kwa kuwa ungamo lake litatumiwa kuwafundisha wajukuu kwamba kupigania uhuru kulikuwa kosa. Hapa Hussein anatenganisha kweli mbili: ile ya maji, ambayo imekwisha kukanushwa na maiti, na ile ya dai la uhuru, ambayo risasi haziwezi kuikanusha.

Hata hivyo, utengano huo una gharama ambayo tamthilia haiilipi kikamilifu. Waliokufa waliamini maji yenyewe. Hawakuyachukua kama ishara ya jambo jingine. Kuyageuza maji kuwa ishara baada ya vifo vyao ni kuwapa imani ambayo hawakuwa nayo. Ombi la Kitunda linasimama badala ya sauti yao, na ndiyo maana halipaswi kusomwa kama woga. Yeye anawadai wafu haki yao, Kinjeketile anawawekea wajukuu urithi wao, na Hussein hawapatanishi.