Tahania kwa Watunga Kamusi wa Mlimani

Iwapo athari ya elimu hupimwa kwa wingi wa watu waitumiao pasi na kuuliza imetoka kwa nani, basi iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi ya kamati ya lugha ya mwaka 1930 na kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, mwaka 1970, yastahiki tahania. Kwani Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili, ikawa marejeo ya mwalimu, mhariri na mtunzi. Majarida ya taasisi hiyo, ambayo, tuseme kweli, lugha yake ni nzito, husomwa zaidi na maulamaa. Ndiyo maana, kwa rai yangu, hiyo kamusi ndiyo fahari kubwa ya Mlimani.