Majina ya Zama za Japani

Wajapani hutumia kalenda ile ile tuitumiayo sisi, lakini pamoja nayo wana hesabu yao nyingine ya miaka. Tarehe 1 Mei 2019, Mfalme Naruhito aliposhika ufalme, ulianza mwaka wa kwanza wa Reiwa. Desturi hii ya kuzipa zama jina ilianza mwaka 645, na tangu 701 haikukatika.

Kila jina huchaguliwa kwa maana yake njema, na hapo ndipo penye shaka yangu. Maana jina hutolewa mwanzoni, kabla mtu yeyote hajajua yatakayotukia. Ni sifa iliyotangulia tendo.

Watu wa kale walikuwa na dawa yao: msiba ulipowafika, walibadili jina. Moto ulipouteketeza mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, mwaka 1657, zama za Meireki zilifungwa mwaka uliofuata. Mapema mwaka 1855, baada ya jumba la mfalme kuungua, ardhi kutetemeka na manowari za Marekani kutia hofu pwani, lilikuwa limekwisha chaguliwa jina Ansei, yaani utawala tulivu. Kabla mwaka huo haujakwisha, Edo ikaangushwa na tetemeko jingine! Dawa haikuponya, lakini angalau ilikuwa na uungwana wa kukiri kwamba mambo yameharibika.

Mwaka 1868 iliamriwa kwamba kila mfalme awe na jina moja tu. Tangu hapo jina halivuliwi. Tetemeko la 1923 liliua watu zaidi ya 100,000, na Taisho ikabaki Taisho. Showa, iliyoanza 1926, maana yake ni amani yenye nuru. Chini ya jina hilo China ilivamiwa, Hiroshima na Nagasaki zikaangamia mwaka 1945, na chini ya jina lilo hilo nchi ikajengwa upya ikatajirika, hata mfalme alipofariki mwaka 1989. Mwanahistoria akilitegemea neno hilo peke yake, atapotea.

Mtunzi wa riwaya, kinyume chake, hupata faida. Katika Kokoro, kitabu cha Natsume Soseki cha mwaka 1914, yumo bwana aitwaye Sensei, yaani Mwalimu. Mfalme Meiji afapo mwaka 1912, Sensei huona kwamba roho ya Meiji imekwenda naye, na yeye amesalia kama kitu kilichopitwa na wakati. Jenerali Nogi, ambaye alikuwa mtu wa kweli, alijiua siku ya mazishi ya mfalme. Sensei naye anaazimia kufa. Soseki hana haja ya kueleza Meiji ni nini. Jina latosha.

Lakini tusome kwa hadhari. Sensei alimsaliti rafiki yake katika ujana, na siri hiyo ilimla moyo miaka mingi. Je, ni Meiji imwuayo, au anaificha hatia yake nyuma ya jina kubwa? Soseki hajibu. Kijana aliyepelekewa barua ya Sensei anaisoma ndani ya gari moshi, na kitabu kinakwisha pamoja na barua, wala hatuambiwi kijana alipofika alisema nini.